Blanketi za Magego

Weka kikombe chini kwanza, wewe uliyekaa hapo, nikutegee. Uchachu ulinifungulia mlango nikaingia. Nikakaa, nikawa mlinzi wa nyumba isiyo yangu. Uchachu huohuo uliporudi ukanivua nguo, leo kipande, kesho kipande, mpaka nikabaki mtupu. Mimi ni nani?

Usikimbilie kunipa mji. Mji ninao tayari, mdogo, unaitwa El Guayabal, pale ambapo siku mawingu yakikubali unaiona volkano ya Izalco yote mpaka utosini. Na jibu la kitendawili changu linakaa hukohuko, ndani ya vinywa vya watoto wa shule.

Jumatatu moja ya mwezi Machi, asubuhi, Edelmira Tobar alimlaza mtoto wa sita juu ya meza iliyotandikwa godoro jembamba, akaiweka sawa tochi yake ya kichwani, akasema, "Achama, baba. Zaidi. Achama kama mamba."

Mtoto akaachama. Edelmira akachungulia, na moyo wake ukashuka kwa mara ya sita tangu kengele ya kwanza.

"Niña Edel, blanketi zangu zipo?" mtoto aliuliza bila kufunga mdomo, sauti ikatoka kama ya mtu aliyetumbukia mtungini.

"Zipo, zipo. Zimechakaa kidogo tu."

Kidogo tu! Alisema hivyo ili mtoto asilie. Kusema kweli zilikuwa zimelika pembeni na juu zimeparuzika, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye maji.

Edelmira hakuwa daktari, wala hakuwahi kujiita daktari. Alikuwa mhudumu wa meno wa shule, miaka ishirini na miwili sasa, na wote wakubwa kwa wadogo walimwita Niña Edel. Huko kwetu mwanamke wa kuheshimiwa huitwa Niña, yaani msichana, hata awe na vitukuu na fimbo ya kutembelea, na hakuna anayelalamika. Kazi yake aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hiyo ya blanketi. Mtoto akifika miaka sita, magego yake ya ukubwani huchomoza yakiwa na mifereji juu, mifereji myembamba ambayo mswaki hauingii lakini uchafu unaingia na kujenga. Edelmira alikuwa anapaka gego dawa chachu kidogo, anahesabu mpaka kumi na tano, anasafisha, anakausha kwa pamba. Halafu anakoroga unga mweupe na maji yake kwenye kijikaratasi, haraka kama anayekoroga uji wa mgonjwa, anauweka juu ya gego, anaukandamiza kwa kidole alichokipaka mafuta mazito. Unaganda. Mifereji imezibwa. Watoto wakaita blanketi, na jina likakaa.

Basi umeshajua. Dawa chachu ndiyo inayofungua mlango ili unga ushike. Na uchachu ndio unaoubomoa. Jibu nimekupa mapema kwa sababu hicho kilikuwa kitendawili chepesi. Kigumu kinakuja.

Mpaka Jumanne mchana Edelmira alikuwa amewachungulia watoto sitini na wanne, wote aliowawekea blanketi mwaka uliopita. Alitegemea angekuta nane kati ya kila kumi zimekaa. Hakukuta hata tano. Alitazama vidole vyake akajiuliza kama vimezeeka. Akatazama kopo la unga kama limepitwa na tarehe. Halikuwa limepitwa.

Mwalimu mkuu, Profe Rutilio, aliingia bila kugonga, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa mtu mwema, lakini alipenda chati kama wengine wanavyopenda mpira. Alisoma karatasi ya Edelmira, akavua miwani, akaivaa tena.

"Niña Edel, hii ni tindikali."

"Naona hivyo pia, Profe."

"Ndimu. Embe changa na ndimu, kila siku ya Mungu, pale getini." Akaelekeza kalamu dirishani. "Niña Toya."

Edelmira akaifuata kalamu kwa macho. Pale getini, chini ya mwavuli wa mistari, Niña Toya alikuwa anakata embe changa vipande virefu, anakamulia ndimu mbili, anatia chumvi, halafu ananyunyiza alguashte, zile mbegu za boga zilizokaangwa na kusagwa ambazo harufu yake inakuvuta hata kama umetoka kula. Watoto walikuwa wanamzunguka kama kuku.

"Ijumaa nitampa barua," alisema Profe Rutilio. "Ahamishe mkokoteni wake, aende upande wa soko."

"Sokoni kuna wauza embe kumi na wanne, Profe! Atakula nini?"

"Na watoto watatafunia nini wakifika miaka ishirini? Ufizi?" Akakaa kidogo kwenye ukingo wa meza, uso ukalegea. "Mimi mwenyewe nakula embe lake, Niña Edel. Unadhani napenda? Nionyeshe basi. Niletee mtoto anayekula embe lile kila siku na blanketi zake ni nzima, tena uniambie sababu yake ni nini. Sababu, siyo huruma. Nitaichana barua mbele yako."

Akaondoka. Edelmira akabaki ameshika kioo chake kidogo cha mdomoni, anajitazama pua.

Nikwambie jambo moja kuhusu wanawake hawa wawili. Siku ya kwanza kabisa Edelmira alipofika shuleni na godoro lake, hakuna mtoto aliyekubali kuachama. Waliiona tochi wakafunga midomo kama kome. Ndipo Niña Toya, ambaye hakuitwa na mtu, alipoacha mkokoteni wake, akaja kusimama mlangoni akiwa bado na kisu cha embe, akaanza kuwategea vitendawili. Mtoto akijua jibu, lazima afungue mdomo alitoe. Na akishafungua, Edelmira keshaingia na kioo. Walifanya kazi hivyo wiki nzima, na mpaka leo Niña Toya anategea kila anayenunua. Ukijibu, unaongezewa kijiko cha alguashte. Edelmira hajawahi kuongezewa, miaka ishirini na miwili. Kichwa chake hakina mlango wa vitendawili.

Jumanne hiyo mchana alikwenda getini akiwa amekunja uso.

"Haya, daktari wa godoro," Niña Toya alimpokea. "Nina ndevu upande mmoja tu, na kila asubuhi naogea kwenye pango la watu. Nani mimi?"

"Toya, leo sina kichwa."

"Leo tu?" Niña Toya akacheka mpaka mwavuli ukatikisika. "Mswaki, mama! Mswaki! Hata kazi yako mwenyewe huijui! Chukua embe, lakini alguashte ni ya kawaida."

Edelmira akachukua. Hakumwambia habari ya barua. Alitaka, ulimi ukakataa. Alisimama pale akitafuna, uchachu unamkunja mashavu, akamtazama mwenzake akisuuza mikono kwenye ndoo.

"Mbona husugui kwa sabuni? Mikono yote ndimu."

"Thubutu!" Niña Toya akanyoosha vidole vyake. Kucha zilikuwa safi, nzima, nzuri kuliko za Edelmira. "Kucha ikishalowa ndimu inakuwa laini kama ya kichanga. Ukiisugua saa hiyo, umeimaliza. Mimi nasuuza kwa maji matupu, naziacha zipumzike, nasugua nikishafika nyumbani. Hilo nilifundishwa na mama, naye aliuza embe mpaka akafa na kucha zake zote kumi."

Edelmira akaacha kutafuna.

Pale uani, juu ya birika la saruji ambapo watoto hupigia mswaki, palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya buluu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika mwaka uliopita, akiwa amepanda kiti, baada ya kumaliza blanketi ya mwisho: UKIMEZA TU, SUGUA! Na watoto walitii, Mungu awabariki. Kila mapumziko, embe likishapita kooni, wote mia na ushee wanapanga foleni kwenye birika wakiwa na miswaki yao ya shule. Halafu msichana mmoja, Nohemy, anapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, lira, ile ala ya bendi, imening'inia kifuani, anapiga wimbo wa gwaride kwa vibao vyake vya chuma, na wote wanasugua kwa mapigo hayo mpaka wimbo uishe. Dakika mbili kamili. Ukisikia ting-ting-ting unafikiri ni sikukuu ya taifa. Profe Rutilio anasimama dirishani na chati, kila aliyepo birikani anapata nyota.

Siku hiyo Edelmira alifika kwake, akasogeza sahani za chakula cha mchana, akakoroga unga wake mweupe akatengeneza vidonge kumi na viwili juu ya sahani. Akaviacha vikomae. Jumatano mchana akakamua ndimu. Vidonge vyote akavilowesha. Sita akavitoa akavisugua papo hapo kwa mswaki, dakika mbili, huku akiimba wimbo wa gwaride peke yake mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta, "Edel, u mzima?" Sita akavisuuza kwa maji, akavifunika kitambaa chenye unyevu, akaenda kuanua nguo, akarudi baada ya saa moja akavisugua vilevile. Akafanya tena. Akafanya tena mara ya tatu.

Mpaka Alhamisi mchana huhitaji hata miwani. Vile sita vya kwanza vilikuwa vimeparuzika na unga umebaki kwenye mswaki. Vile sita vingine vilikuwa vimefifia mng'ao tu, lakini vizima.

Edelmira alikaa chini. Kwanza alifurahi, halafu akaona aibu, halafu akafurahi tena. Kwa hiyo siyo embe peke yake! Embe linalainisha, mate yanakuja kutengeneza, na katikati hapo sisi tunaingia na mswaki na gwaride! Embe linafungua mlango, lakini anayebeba vyombo na kuvitoa nje ni nani? Ni mimi, Edelmira Tobar, na rangi yangu ya buluu!

Lakini alipokuwa anakunja kitambaa, furaha ikaingia mdudu. Mdudu huyo anaitwa Nohemy.

Nohemy ni mjukuu wa Niña Toya, miaka minane, mapengo mawili mbele. Anakula embe la bibi yake asubuhi, mapumziko na jioni, bure, ndimu inamchuruzika mpaka viwiko. Siku ile ya Jumatatu Edelmira alimwacha wa mwisho kwa kuogopa. Alipomchungulia, alikuta blanketi nne, nzima, nyeupe, pembe zake zote zipo, kama zimewekwa jana. Hapo hata hakuelewa. Sasa ndiyo hakuelewa zaidi. Kama ni mswaki unaoharibu, mbona Nohemy? Nohemy ana nyota kila siku. Mstari wake kwenye chati umejaa kuliko wa mtoto yeyote, na ndiyo maana anabeba lira, kwani Profe Rutilio aliweka sheria: lira ni ya yule mwenye nyota zote.

Alikuwa ameshamuuliza, Jumatano hiyohiyo, kabla hajakamua ndimu zake. Alimkuta nyuma ya darasa, amechuchumaa, lira magotini. Ile lira ilikuwa ya zamani, imepita mikono ya watoto wengi, lakini mikononi mwa Nohemy iling'aa mpaka unaona mawingu ndani yake.

"Nohemy, mama, nikuulize. Wewe unafanya nini na magego yako?"

Mtoto aliruka kama aliyekanyagwa. Akasukuma kitu mfukoni, haraka.

"Sifanyi kitu, Niña Edel."

"Unakula embe kuliko wote. Blanketi zako ni nzima kuliko za wote. Lazima kuna unalofanya."

Nohemy akatazama vidole vyake vya miguu. Masikio yakawa mekundu. Halafu, kwa vile alikuwa mjukuu wa bibi yake, akainua uso akasema, "Nikutegee?"

"Ala! Nimekuuliza swali."

"Kijiji kizima kinacheza. Mmoja tu hachezi, na asipokuwepo yeye hakuna atakayecheza. Nani?"

Edelmira akafikiri. Akakuna kichwa. "Padri?"

"Padri!" Nohemy alicheka mpaka mapengo yote yakaonekana. "Niña Edel, padri wetu siku ya mtakatifu ndiye anayecheza kuliko wote!"

"Basi mvua."

"Hata. Kweli bibi anavyosema, kichwa chako hakina mlango." Akainuka akaivaa lira, akakimbia. Swali likabaki palepale nyuma ya darasa, limechuchumaa.

Alhamisi jioni, kabla shule haijafungwa, Edelmira alimpelekea Profe Rutilio sahani yake yenye vidonge kumi na viwili. Alimweleza yote, la kucha, la gwaride, hata la maandishi yake ya buluu, bila kujificha. Profe alivigusa vidonge kwa ncha ya kalamu. Alionekana kuanza kuamini.

"Na mtoto?" akauliza. "Nilisema mtoto."

"Nohemy. Anakula embe kila siku, blanketi zote nne zipo."

Profe akageukia chati ukutani, akapitisha kidole kwenye mstari wa Nohemy, kidole kikapita juu ya nyota, nyota, nyota mpaka mwisho wa karatasi. Uso wake ukang'aa kwa huzuni, kama unaweza kuuelewa uso wa namna hiyo.

"Niña Edel, mwenye nyota zote ndiye mwenye blanketi zote. Unaona? Mswaki ndio uliomwokoa. Sahani yako inasema hivi, chati yangu inasema vile. Mtoto ni mtoto, sahani ni sahani. Mimi nitaamini mtoto."

"Nipe wiki moja, Profe."

"Nimeshaandika. Kesho, saa ya mapumziko."

Ijumaa, basi. Edelmira alikwenda getini mapema kumwambia rafiki yake, asije akapigwa na barua ghafla. Alimkuta anafunua mwavuli.

"Toya. Kuna jambo."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Karani wa ofisi ananunua embe kwangu kama wote. Nilijua tangu Jumatano." Niña Toya aligonga kisu juu ya ubao wake, tak, tak. "Nilikuwa nasubiri kuona utachukua siku ngapi kuniambia. Tatu. Una ulimi wa konokono, Edel."

"Nilikuwa natafuta namna."

"Umeipata?"

"Nusu. Nusu nyingine ipo kwenye mdomo wa mjukuu wako na hataki kuitoa. Muulize wewe."

"Nohemy?" Niña Toya akatikisa kichwa. "Yule akifunga, amefunga. Tena sijamwambia habari ya barua, na wewe usimwambie. Sitaki mtoto apige lira huku analia, vibao vitapata kutu." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini alichukua embe la kwanza akalikata vibaya, kipande kinene kipande chembamba, na miaka yote hiyo Edelmira hakuwahi kumwona akikata vibaya. "Kaa hapa. Chukua hili baya. Nikutegee cha mwisho?"

"Usiseme cha mwisho."

"Basi nakutegea cha kawaida. Unapendwa, au hupendwi?"

"Hicho siyo kitendawili, Toya."

"Ndiyo maana nimekuuliza wewe. Ukikosa na hicho, nakufukuza mimi kabla ya Profe."

Wakacheka wote wawili, wakajifuta macho na aproni moja.

Mapumziko yakafika. Embe likauzwa mpaka likaisha, kwa sababu watoto hawakujua kitu. Waliinua mifuko yao ya embe wakanywa hata maji ya ndimu yaliyobaki chini. Nohemy alikuwa amekula mifuko miwili. Alikwenda kwenye bomba la birika, akakinga maji kwa kiganja, akasukutua, akatema, akanywa, kama anavyofanya kila siku maana chumvi inaleta kiu. Halafu akapanda juu ya ndoo yake. Foleni ikajipanga. Miswaki ikainuka, mia na ushee, ya kijani, myekundu, ya njano.

Ting-ting-ting!

Wakaanza kusugua. Na hapo ndipo Profe Rutilio alipotoka ofisini na bahasha, akavuka uwanja wote akiwa amenyooka kama nguzo, mpaka getini. Edelmira alimfuata nyuma karibu anakimbia, sahani yake mkononi.

"Niña Toya," alisema Profe. "Jambo hili siyo la ubaya. Ni kwa ajili ya meno ya watoto. Kuanzia Jumatatu mkokoteni..."

"Soma kwa nguvu, Profe," Niña Toya alisema akifuta kisu. "Nimeacha miwani nyumbani."

"Sipendi kusoma kwa nguvu."

"Na mimi sipendi kuhama. Kila mtu afanye asichokipenda."

Profe akasoma, ni mtu mwenye sauti ya darasani, haiwezi kunong'ona. Neno kuhama likaruka uwanja, likapita juu ya vichwa vya darasa la kwanza, likafika kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Ting-ting. Ti.

Lira ikanyamaza katikati ya gwaride. Na kwa vile hakuna mtoto aliyewahi kusugua bila lira, miswaki yote ikasimama. Watoto mia na ushee wakageuka kutazama getini, povu jeupe midomoni, kama darasa zima limeota ndevu za babu. Hakuna aliyetema. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa.

Nohemy alishuka. Alitembea taratibu kwa sababu lira ni nzito, inamgonga magoti. Akafika, akasimama kati ya bibi yake na bahasha.

"Bibi anahamishwa kwa sababu ya blanketi?"

"Rudi kwenye foleni, mwanangu," alisema Niña Toya.

"Profe, ni kwa sababu ya blanketi?"

Profe Rutilio alimtazama Edelmira amsaidie. Edelmira hakumsaidia. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Ndiyo, mama. Profe anasema embe ndilo linalozila. Mimi nasema ni kusugua mapema, kabla gego halijapumzika. Lakini wewe unakula embe kuliko wote na blanketi zako ni nzima, na hakuna anayejua kwa nini. Profe amesema akijua sababu, ataichana barua. Kweli, Profe?"

"Nilisema," alikiri Profe Rutilio. "Na sijawahi kusema kitu nikakigeuka."

"Basi nakuuliza tena swali lile la nyuma ya darasa. Sitakugombeza. Wewe unafanya nini na magego yako?"

Nohemy aliitazama lira. Aliitazama kwa muda mrefu, mawingu yanapita ndani ya vibao. Halafu akaupitisha mkanda juu ya kichwa, akailaza miguuni pa Profe Rutilio, polepole, isipate mkwaruzo. Akaingiza mkono mfukoni akatoa mswaki wake wa shule. Nywele za mswaki huo zilikuwa nyeusi tititi kwa dawa ya kung'arishia chuma, na zimelala zote upande mmoja.

"Ule wa nyumbani natumia asubuhi na usiku, bibi ni shahidi," alisema. "Huu ni wa lira. Mimi ndiye yule asiyecheza, Niña Edel. Saa ya mapumziko sijawahi kupiga mswaki hata siku moja. Nasukutua maji, basi. Nani angepiga wimbo?"